Kaka Kwenda Bara Hindi: Hesabu Nilizoandika Mimi

Mhariri aliponiomba makala kuhusu safari, nilimwuliza kama ni lazima msafiri niwe mimi. Akanijibu, "Wewe andika tu, bora isiwe ile ya kwenda mashambani kwa nyanya." Basi msafiri ni kaka yangu mkubwa, ambaye mwishoni mwa Julai 2025 alipanda ndege kwenda Pune, Bara Hindi, kusomea shahada ya uzamili katika takwimu. Mimi hata uwanja wa ndege sikufika, maana siku hiyo tulikuwa na karatasi ya Hesabati. Lakini safari hiyo naijua pengine kumshinda yeye mwenyewe, kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati, na daftari la pesa lilikuwa mikononi mwangu tangu ukurasa wa kwanza.

Wengi wenu mnaifahamu Kariokor kwa nyama choma na sandali za matairi. Wengine mmesikia kuwa jina lenyewe ni Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, lililolainishwa na ndimi za watu wetu. Sisi ni watu wa sokoni. Mama anauza viondo. Nyanya na shangazi husuka huko Ukambani, vinakuja kwa basi vikiwa vimefungwa kama magunia ya viazi, naye Mama anavitia bitana na mishipi ya ngozi. Baba alitutoka nikiwa darasa la tatu. Kaka alisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo iliyoundwa mwaka wa 1995, na mpaka leo anaulipa polepole kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Hapo mwanzo kaka hakuitaja India kabisa. Aliitaja Uingereza. Alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja huko, nje ya London, na barua yenyewe aliibandika ukutani juu ya redio. Vijana wa mtaani wakaanza kumwita "Buda wa Majuu". Ndipo Mama akaninunulia daftari la kurasa 96 akaniambia, "Andika kila kitu. Barua haina bei. Mimi nataka bei."

Bei ilikuwa hivi. Ada ya mwaka mmoja, pauni 18,500. Serikali ya Uingereza, wakati tulipokuwa tukipiga hesabu hiyo mwanzoni mwa 2025, ilimtaka mwanafunzi wa nje ya London aonyeshe pauni 1,136 za kujikimu kwa kila mwezi, kwa miezi tisa, yaani pauni 10,224. Juu yake kuna malipo ya matibabu, pauni 776 kwa kila mwaka wa visa, na ada ya visa yenyewe. Tulihesabu pauni moja kwa shilingi 165. Ada na pesa za kujikimu peke yake zilifika shilingi 4,739,460. Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sufuri.

Tena pesa hizo za kuonyesha ni lazima zikae katika akaunti siku 28 mfululizo, zisishuke hata siku moja. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Siku ishirini na nane? Hizo ni siku za bata kuatamia mayai!" Ni kweli, kuku ni ishirini na moja, bata ni ishirini na nane. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu pesa za visa zinaitwa mayai ya bata.

Msidhani hakuna njia za mkato. Wakala mmoja wa mjini, ambaye kadi yake ilikuwa na picha ya saa kubwa ya London, alimwambia kaka kuwa angeweza "kumwazima" mayai hayo kwa mwezi mmoja, kisha ayachukue, kwa malipo kidogo tu. Kaka alirudi nyumbani macho yakimeremeta. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Na hao wa ubalozi wakiuliza pesa ni za nani, utasema ni za nani?" Kadi ile ikatumika kuwashia jiko.

Kuhusu ufadhili, kaka alijaribu. Ule wa Chevening, ulioanza mwaka 1983, unataka mwombaji awe na miaka miwili ya kazi, naye alikuwa na mmoja na miezi. Aliomba pia ule wa Baraza la India la Uhusiano wa Kitamaduni, ICCR, baraza lililoundwa mwaka 1950, ambalo humlipia mwanafunzi ada na kumpa posho ya mwezi. Aliandika insha ya maneno 500 kwa Kiingereza, mimi nikamsahihishia alama za vituo. Hakuchaguliwa. Lakini kule kuomba kulimfungua macho, maana ili aombe ilibidi avisome vyuo vya India kimoja kimoja, na alipovisoma akaona kwamba kuna kimoja mjini Pune ambacho hata bila ufadhili, familia inaweza kukikaribia. Kukaribia, nasema. Si kukifikia.

Hapa lazima nimlete mzee mmoja wa Ngara. Ngara ni hatua chache tu kutoka kwetu, na Mama hununua kwake vifungo na ngozi za mishipi tangu kabla sijazaliwa. Ni Mhindi, Mgujarati, amezaliwa hapa hapa Nairobi, na Kiswahili chake ni laini kuliko cha wengi wetu humu chamani. (Wenye kupata D mnisamehe.) Mama alipomweleza kwamba mwanawe anakwenda India kusoma, mzee aliweka miwani yake mezani.

"Mama, kwetu hii ni hadithi ya zamani," alisema. "Mwaka wa 1958 kaka yangu alipanda meli Mombasa kwenda Bombay kusoma uinjinia. Alilala sitahani, chakula amebeba kwenye bati."

Meli zenyewe, alituambia, zilikuwa zikiitwa Kampala na Karanja. Wakati huo Nairobi haikuwa na chuo kikuu kamili. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 tu, kikisaidiwa na pesa walizochanga Wahindi wa Afrika Mashariki kwa ukumbusho wa Gandhi, na hicho ndicho baadaye kilikua kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Makerere ilikuwa Uganda na nafasi zake chache. Basi mwenye duka dogo aliyetaka mtoto wake awe daktari au mwinjinia alimtazama yule wa kwanza, akatazama duka, akatazama bahari.

Mama akamwuliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa. "Na wale waliobaki, mzee? Walikuwa wangapi?"

"Tulikuwa watano. Mimi wa nne."

"Walisoma na nini, kama pesa zilienda na wa kwanza?"

Mzee alicheka. "Ah! Hiyo ndiyo siri. Kaka hakumlipa baba hata senti moja. Alirudi, akafanya kazi, akamsomesha wa pili. Wa pili akamsomesha wa tatu. Wa tatu akanisomesha mimi. Deni halirudi nyuma, mama. Deni linakwenda mbele." Mjukuu wake hivi sasa yuko Manchester, na alituapia kwamba mpango ni ule ule, ila siku hizi unaandikwa kwenye karatasi, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, zamani watu walikuwa na aibu na sasa wana simu.

Mama alinunua vifungo dazeni sita, hakusema neno njiani. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara akaniambia, "Umeandika hayo?"

Sasa hesabu ya Pune. Mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, hilo mlijue. Ada aliyoandikiwa kaka ilikuwa rupia 140,000 kwa mwaka. Chumba na chakula tulikadiria rupia 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Jumla rupia 320,000, na kwa kuwa rupia moja ilikuwa kama shilingi moja na nusu, hiyo ni shilingi 480,000. Uzamili wa India ni miaka miwili, si mmoja kama wa Uingereza, kwa hiyo 960,000. Tikiti, visa, bima, nguo, na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo India humdai kila anayetoka Kenya, tuliviwekea 130,000. Jumla kuu: shilingi 1,090,000.

Kaka aliona ni rahisi. "Si hata robo ya Uingereza!" Ni kweli, lakini robo ya mlima bado ni mlima. Tena kuna jambo alilolisahau, ambalo mimi nililiandika kwa wino mwekundu: Uingereza mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi kwa saa chache za wiki, lakini visa ya mwanafunzi ya India si ya kwenda kuajiriwa. Kwa hiyo pesa zote zilipaswa kutoka hapa, Kariokor, kwenye vidole vya watu ninaowajua.

Kamati ilikutana nyumbani kwetu Jumapili tatu mfululizo. Walikuwapo Mama, shangazi, mjomba, jirani wetu wa kibanda cha pili, na kaka mwenyewe aliyeketi karibu na mlango kama mshtakiwa. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu ya mwandiko. Nilivyoandika ni hivi: akiba ya kaka 210,000, chama cha kina mama wa sokoni 120,000, zamu ya Mama, mkopo wa Sacco 300,000, shangazi, aliyeuza ng'ombe wawili, 100,000. Ikabaki harambee. Ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, na kuku mmoja aliyeletwa na nyanya alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, mpaka akauzwa mara nne, na mnunuzi wa mwisho pia akamwacha. Kuku huyo yuko hai mpaka leo. Tulipata 146,350. Mzee wa Ngara hakuja ila alituma bahasha, nami nimeijumlisha humo.

Jumla ya yote, 876,350. Pengo, 213,650.

Jumapili ya tatu ndiyo ngumu. Mjomba, ambaye ni mtu mwema na simsemi vibaya, alisimama akapendekeza. Alisema kuna bahasha ya kijani kabatini yenye shilingi 38,000, ada yangu ya mihula miwili. Alisema mimi bado mdogo, kwamba naweza kukaa nyumbani muhula mmoja nikimsaidia Mama sokoni, kisha nirudi. "Mtoto wa kike hana haraka," alisema, "na huyu ndege yake haingoji." Katibu huandika kinachosemwa. Nikaandika. Pendekezo la tano: ada ya katibu itumike. Nililiandika kwa mwandiko mzuri kabisa, nadhani mzuri kuliko mwandiko wowote mwingine katika daftari lile, maana nilikuwa nikiikaza kalamu ili isitetemeke.

Kila mtu alinyamaza. Nilimtazama kaka. Yeye alitazama viatu vyake.

Mama ndiye aliyesema. "Bahasha hiyo haimo katika mkutano huu. Katibu, futa." Kisha akabadili mawazo. "Hapana, usifute. Piga mstari mmoja tu katikati, isomeke." Mpaka leo inasomeka.

Halafu akaleta habari ya mzee wa Ngara. Akasema kaka ataandikiwa mkataba: hatamlipa Mama, hatamlipa shangazi, pesa za Sacco ataziendeleza yeye akianza kazi, na zaidi ya hapo, kuanzia mwaka unaofuata ajira yake, popote atakapokuwa, iwe Nairobi au Pune au mwezini, atalipa masomo yangu ya juu mpaka zifike 1,090,000. Bila riba. Na nikimaliza, mimi nitamlipia mdogo wetu wa darasa la nne, ambaye wakati huo alikuwa nje akicheza banta na hakujua kuwa amepata mfadhili.

Kaka aliudhika. Sauti yake ilipanda. "Mama, kwani mimi ni mtoto wako ama ni benki?"

"Wewe ni mtoto wangu," Mama alisema. "Na huyu pia."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Hapa kwetu anayekwenda ng'ambo husifiwa kwa akili zake, na kaka anazo, sibishi. Lakini mnamkumbuka Profesa Wangari Maathai. Tarehe 8 Oktoba 2011 mwili wake ulichomwa hapa kwetu, katika tanuri la Kariokor, lile ambalo Wahindu huwaagia wapendwa wao. Jeneza lake halikuwa la mbao, maana alikataa mti ukatwe kwa ajili yake. Lilikuwa la magugu-maji, mafunjo na mwanzi, na Mama husema kina mama wa viondo walilizungumzia wiki nzima, wakibishana juu ya msuko. Basi yeye alikwenda Marekani mwaka 1960 katika mpango wa ndege za wanafunzi ulioanzishwa na Tom Mboya, ule ambao safari yake ya kwanza, Septemba 1959, ilibeba wanafunzi 81. Uzamili wake huko Pittsburgh ulilipiwa na taasisi iitwayo Africa-America Institute. Na katika mpango ule wa ndege, jamaa na majirani wa wanafunzi walichanga vijijini shilingi kwa shilingi. Vitabu vinawakumbuka waliopanda ndege. Makatibu wa michango hiyo sijui waliweka wapi madaftari yao.

Kaka alitia sahihi. Hakutia siku ile, alitia Jumatano, baada ya kwenda peke yake Ngara. Walizungumza nini na mzee sikuambiwa. Alirudi na kalamu mpya, akakaa mezani, akasoma mkataba wote, akanisahihishia neno moja. Nilikuwa nimeandika "atajaribu kulipa". Akakata "atajaribu ku", akaandika "ata".

Mambo mengine nitayapitia upesi. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka Mumbai ni saa kama sita hivi. Kutoka hapo hadi Pune ni kilomita 150 kwa basi. Mgeni mwenye visa ya muda mrefu lazima ajiandikishe kwa ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu kuwasili, naye alijiandikisha siku ya tisa, akatutumia picha ya cheti kwa sababu ilikuwa kwenye orodha yangu. Anasema mvua ya huko haina adabu, na kwamba chapati zao ni nyembamba mno, hazishibishi Mkamba.

Jambo moja nawashauri wenye ndugu wanaopanga safari kama hii: msitazame ada peke yake, tazameni na shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Aliyedaiwa dola 1,000 alipungukiwa au aliokoa shilingi 30,000 bila kufanya chochote ila kungoja au kutongoja. Kwa sababu hiyo Mama, ambaye alitoka shule darasa la saba, siku hizi husikiliza taarifa ya habari mpaka bei ya fedha za kigeni iishe, na anayeongea wakati huo hana chakula.

Na lile pengo? Mama alikataa kukopa zaidi. Mwaka wa kwanza ulikuwa umelipika wote, na sehemu ya wa pili, kwa hiyo alimruhusu kaka aende, pengo lizibwe kufikia Juni 2026. Nikamwuliza litazibwa na nini. Akaniuliza kiondo kimoja humwachia faida gani akishalipa msukaji, ngozi na kibanda. Nikapiga hesabu: shilingi 350. Akasema, "Basi gawanya."

213,650 gawanya kwa 350 ni viondo 610 na kipande. Kipande cha kiondo hakiuziki, kwa hiyo 611.

Ninapoandika haya, mwisho wa Novemba 2025, tumeuza 204. Vimebaki 407. Huo ni mwendo wa viondo 51 kwa mwezi, na tukienda hivyo kwa miezi saba iliyobaki, Juni itatukuta bado tuna hamsini mkononi. Kaka nimemwandikia hivyo hivyo, amejibu kwamba amehamia chumba cha watu watatu. Disemba kwa kawaida soko huchangamka kidogo. Kibanda chetu ni cha upande wa viondo, safu ya pili, pale penye mama aliyeweka redio juu. Vya rangi ya asili ndivyo vinavyodumu. Mwalimu wetu wa Kiswahili ameshanunua viwili.